Mcheza Kwao Hutunzwa: Maisha ya Mirza Delibašić wa Sarajevo

Katika mji wa Sarajevo, nchini Bosnia, tarehe 5 Aprili ina kumbukumbu mbili zisizofanana hata kidogo. Tarehe hiyo mwaka 1979 vijana wa mji huo walitwaa ubingwa wa vilabu vya Ulaya katika mchezo wa mpira wa vikapu, na mji mzima ukashangilia. Miaka 13 baadaye, tarehe hiyo hiyo mwaka 1992, wananchi walitoka barabarani kudai amani, wakamiminiwa risasi, na siku hiyo ndiyo ihesabiwayo kuwa mwanzo wa kuzingirwa kwa mji wao.

Yupo mtu mmoja aliyeifahamu tarehe hiyo kwa utamu wake na kwa uchungu wake. Naye ni marehemu Mirza Delibašić, mchezaji aliyetajwa Ulaya nzima, aliyepanda juu angali kijana, akaangushwa na maradhi kabla ya kutimiza miaka 30, na mwisho akachagua kubaki na watu wake wakati ambapo kubaki kulikuwa ni kuhatarisha roho.

Huenda ndugu msomaji ukauliza, mchezaji wa mpira wa Ulaya atuhusuni sisi watu wa Pwani? Jawabu ni kwamba Bosnia si nchi ya mbali sana na sisi kama ramani inavyodai. Waturuki wa Dola ya Uthmaniya waliitwaa nchi ile mwaka 1463, na tangu hapo Uislamu ukaota mizizi miongoni mwa wenyeji wenyewe, watu weupe wa asili ya Kislavoni. Msikiti mkuu wa Sarajevo, ule wa Gazi Husrev-beg, umesimama tangu karne ya 16. Kwa muda mrefu wanazuoni na washairi wa huko waliiandika lugha yao ya kienyeji kwa herufi za Kiarabu, sawasawa na vile wazee wetu wa Lamu, Pate na Mombasa walivyokiandika Kiswahili. Hata leo, ukiwasikiliza wakizungumza, utakuta subira kwao ni sabur, raha ni rahat, na mtaa wao huuita mahala. Jamaa wa mbali huonana kwa maneno kabla ya kuonana kwa macho.

Mirza alizaliwa tarehe 9 Januari mwaka 1954 katika mji wa Tuzla, kaskazini mashariki mwa Sarajevo. Tuzla ni mji wa chumvi, na jina lenyewe latokana na neno la Kituruki lenye maana hiyo. Wakati huo Bosnia ilikuwa ni jimbo moja la nchi iliyoitwa Yugoslavia, chini ya utawala wa Josip Broz Tito. Yugoslavia ilikuwa ni nchi ya mataifa mengi chini ya paa moja: Waserbia, Wakroatia, Waslovenia, Waislamu wa Bosnia na wengineo. Serikali ilikuwa ya kikomunisti, na dini ikawa jambo la nyumbani zaidi kuliko la hadharani. Lakini michezo ilipewa heshima kubwa, na katika michezo yote mpira wa vikapu uliwatia watu wa nchi ile wazimu.

Kijana Mirza alianza katika klabu ya kwao Tuzla iitwayo Sloboda, neno ambalo maana yake ni uhuru. Alikuwa mwembamba, mrefu wa kimo, na mwenye mikono myepesi. Alicheza nafasi ya mlinzi. Neno hili lisimpoteze msomaji asiyeujua mchezo huo, maana mlinzi katika mpira wa vikapu hafanani na beki wa kandanda. Yeye huchezea mbali na kikapu, ndiye mwenye kuuongoza mpira, kuugawa kwa wenziwe, na kutupa kutoka mbali pale nafasi inapotokea. Majitu marefu hupigania mipira chini ya kikapu kwa viwiko na mabega, lakini mlinzi mzuri hutegemea macho, hesabu na wakati. Mirza alikuwa na vyote vitatu. Waliomwona wanasimulia kuwa hakuwa na pupa, na kwamba mpira ulipotoka mikononi mwake ulikwenda taratibu, kana kwamba unajua uendako.

Mwaka 1971 alikuwa katika timu ya Yugoslavia iliyotwaa ubingwa wa Ulaya wa vijana wadogo huko Gorizia, Italia. Katika timu hiyo alikuwamo kijana mwingine, Mserbia kutoka Čačak, jina lake Dragan Kićanović. Wawili hawa wakawa marafiki wa chanda na pete. Uwanjani kila mmoja alijua mwenziwe atakuwa wapi bila ya kutazama. Dini zao zilikuwa mbali mbali na makwao mbali mbali, lakini hilo halikuwa na uzito wowote kati yao, na wengi wa kizazi chao waliamini kuwa halitakuwa na uzito tena katika nchi ile.

Mwaka 1972 njia zao za klabu ziliachana. Kićanović alikwenda Partizan ya Belgrade, klabu kubwa ya mji mkuu. Partizan ilimtaka Mirza pia, na kijana yeyote mwenye tamaa ya jina angekwenda. Lakini huko Sarajevo kulikuwa na klabu iitwayo Bosna, klabu ya chuo kikuu, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imepanda kuingia katika ligi ya daraja la kwanza. Mwalimu wake, Bogdan Tanjević, alikuwa ni kijana wa miaka ishirini na kitu tu. Tanjević alimfuata Mirza, akazungumza naye, na kijana wa Tuzla akakubali. Akaacha nyumba iliyokwisha kujengwa, akaenda kushika jembe kwenye kiwanja kitupu.

Hapo ndipo ilipo siri ya maisha ya mtu huyu, nasi tutairudia mbele. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kila aliyehudhuria ngoma za harusi hapa Pwani ameona jinsi mchezaji anavyotunzwa kwa fedha na leso na vigelegele, kwa kuwa wanaomtazama ni watu wake. Mirza alichagua kucheza kwao.

Matunda hayakuiva siku moja. Miaka sita ilipita kabla ya Bosna kuwa bingwa wa Yugoslavia, mwaka 1978. Mwaka huo huo ilifika fainali ya Kombe la Korać, mojawapo ya makombe ya Ulaya, na iliyokutana nayo haikuwa nyingine ila ni Partizan ya Kićanović. Mchezo ulifanyika Banja Luka, ukaisha kwa sare, ukaingia muda wa nyongeza, na Partizan ikashinda kwa pointi 117 kwa 110. Marafiki wale wawili walipambana kama mahasimu kwa muda wa mchezo, kisha wakabaki marafiki kama walivyokuwa.

Ndipo ukafika usiku wa tarehe 5 Aprili 1979 katika mji wa Grenoble, Ufaransa. Ilikuwa ni fainali ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya, na Bosna ilikuwa ikikabiliana na Emerson Varese ya Italia. Kwa wasioijua Varese, yatosha kusema kwamba hiyo ilikuwa ni fainali yao ya kumi mfululizo, na makombe matano walikwisha kuyachukua. Ni nani angedhani kwamba klabu ya wanafunzi kutoka Sarajevo ingeweza kuwatikisa? Lakini usiku huo Žarko Varajić alitupa mpaka akafikisha pointi 45, na Mirza akaongeza 30. Wawili hao peke yao walipata pointi 75 kati ya 96 za timu yao. Mchezo ulikwisha 96 kwa 93, na Bosna ikawa klabu ya kwanza ya Yugoslavia kuwa bingwa wa Ulaya. Wakubwa wa Belgrade na Zagreb walikuwa hawajawahi kufika hapo.

Katika timu ya taifa nako Mirza alivuna sana. Alikuwamo Yugoslavia ilipotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 1975 mjini Belgrade, na tena mwaka 1977 huko Liège, Ubelgiji. Katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 walipata medali ya fedha nyuma ya Marekani. Mwaka 1978 huko Manila walitwaa ubingwa wa dunia kwa kuishinda Urusi ya Kisovieti pointi 82 kwa 81, tena baada ya muda wa nyongeza. Na mwaka 1980 huko Moscow walipata medali ya dhahabu ya Olimpiki kwa kuwashinda Waitalia 86 kwa 77. Kijana wa Tuzla alikuwa na miaka 26, na hapakuwa na taji kubwa la mchezo wake huo ambalo hakuligusa.

Sheria za Yugoslavia za wakati ule hazikumruhusu mchezaji kwenda kucheza ng'ambo akiwa angali mdogo wa umri. Mwaka 1981, Mirza akiwa na miaka 27, mlango ulifunguka, naye akawa mchezaji wa kulipwa wa Real Madrid ya Hispania. Huko alicheza misimu miwili, na mwaka 1982 timu hiyo ilitwaa ubingwa wa ligi. Mwaka 1983 alihamia Caserta, kusini mwa Italia. Aliyemwita ni yule yule Tanjević, ambaye naye alikuwa ameondoka Sarajevo kwenda kufundisha huko. Mwalimu na mwanafunzi walikuwa wamekutana tena, na kila mtu alitazamia mavuno mengine.

Lakini mja hupanga na Mola hupanga. Mirza hakuwahi kuyala matunda ya Caserta. Mwaka huo huo wa 1983 alipatwa na ugonjwa wa ghafla wa kutokwa na damu katika ubongo. Mauti yalimpitia karibu, yakamwacha, lakini mchezo haukumrudia tena. Alikuwa na miaka 29. Mlinzi mwenye kutegemea akili kuliko misuli huwa katika kilele chake katika umri huo, na wengi huendelea mpaka miaka 35. Yeye alivuliwa jezi kama mtu anavyovuliwa nguo njiani.

Wangapi tumewaona, hata katika mitaa yetu, waliokuwa mabingwa wa mpira au ngoma au utunzi, kisha maradhi yakawakalisha barazani, nao wakageuka kuwa watu wa uchungu? Mirza alirudi Sarajevo. Alirudi mahali ambapo hata muuza kahawa wa Baščaršija, soko kongwe la mji ule, alimjua kwa jina, na ambapo hapana aliyemwuliza ana pointi ngapi sasa. Mwaka 1991 Shirikisho la Mpira wa Vikapu la Dunia lilipotaja wachezaji 50 bora wa wakati wote, jina lake lilikuwamo. Lakini mwaka ule ule paa la Yugoslavia lilikuwa limeanza kuporomoka.

Slovenia na Kroatia zilijitenga mwaka 1991. Bosnia nayo ilipiga kura ya kujitawala mapema mwaka 1992, na majeshi ya Waserbia waliopinga jambo hilo yakapanda milimani. Sarajevo ni mji ulio bondeni, umezungukwa na milima pande zote. Katika milima hiyo ndiko ilikofanyika michezo ya Olimpiki ya baridi mwaka 1984. Sasa mizinga ilipangwa huko huko, na walenga shabaha wakakaa katika madirisha ya majumba marefu wakimpiga yeyote avukaye njia, awe askari, awe mama aliyebeba maji, awe mtoto. Maji yalikatwa, umeme ukakatwa, na miti ya bustani ikafyekwa iwe kuni. Uwanja ulio kando ya ule wa Olimpiki uligeuzwa makaburi, kwa kuwa makaburi ya kawaida yalijaa.

Wala hawakulengwa watu tu. Tarehe 17 Mei 1992 Taasisi ya Mambo ya Mashariki ilichomwa kwa makombora, zikateketea hati za mkono zaidi ya 5,000 za Kiarabu, Kituruki na Kiajemi, pamoja na zile za Kibosnia zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwezi Agosti ikafuata maktaba ya taifa. Sisi tuliokulia chuoni, tuliofundishwa kuokota kipande cha karatasi chenye herufi ya Qurani kisikanyagwe, tunajua maana ya msiba huo. Aliyeuzingira mji ule hakutaka kuuteka tu. Alitaka pasiwe na ushahidi kuwa watu wale walipata kuwapo.

Sasa mtazame Mirza katika hali hiyo. Afya yake ilikuwa mbovu tangu mwaka 1983. Alikuwa na jina Hispania, na jina Italia, na marafiki kila pembe ya Ulaya. Mtu aliyewahi kuvaa jezi ya Real Madrid hakosi mlango wa kutokea. Wengi waliondoka, nasi hatuwalaumu, kwani mwenye watoto na njia ya kuwaokoa ana haki ya kuifuata. Lakini Mirza alibaki. Alikaa na njaa ile ile, baridi ile ile na hofu ile ile waliyokuwa nayo watu waliomshangilia mwaka 1979.

Tena hakubaki kukaa tu. Bosnia ilipokuwa nchi yenye bendera yake, ilihitaji timu ya taifa, na Mirza akawa mwalimu wake. Mwaka 1993 yalikuwapo mashindano ya kufuzu huko Wrocław, Poland, ili kupata nafasi katika ubingwa wa Ulaya. Wachezaji wengine wa Bosnia walikuwa nje ya nchi, lakini wengine walikuwa ndani ya mji uliofungwa. Njia ya kutokea ilikuwa ni moja, kuvuka uwanja wa ndege kwa miguu usiku. Uwanja huo ulishikwa na askari wa Umoja wa Mataifa, ambao waliwarudisha mjini wale waliowakamata, na Waserbia pande zote mbili waliufyatulia risasi kila kivuli kilichotembea. Lile handaki mashuhuri lililopitishwa chini ya uwanja lilikuwa bado halijafunguliwa. Vijana wakakimbia gizani katika uwazi ule, ambamo watu wengi walipoteza maisha, ili waende kucheza mpira.

Mtu aweza kuona kuwa huo ni upuuzi, kuhatarisha roho kwa ajili ya mchezo. Lakini tukumbuke maktaba iliyochomwa. Watu waliokuwa wakifutwa katika vitabu walitaka wasomwe hata kama ni katika ubao wa matokeo. Timu ya Mirza ilifuzu. Katika fainali zilizofanyika Ujerumani mwaka huo ilifika robo fainali na kushika nafasi ya 8 kati ya nchi 16. Timu ya nchi iliyokuwa ikiungua, ikiongozwa na mwalimu mgonjwa, iliziacha nyuma yake nchi nane zenye amani na viwanja na chakula.

Mashindano yale ya Wrocław yana kumbukumbu nyingine ya majonzi. Mkroatia Dražen Petrović, mlinzi aliyekuwa aking'ara Marekani katika timu ya New Jersey Nets, alikuwa akirejea kutoka huko huko alipofariki kwa ajali ya gari nchini Ujerumani tarehe 7 Juni 1993, akiwa na miaka 28. Aliyetoka katika mji wa amani alikufa barabarani, na waliotoka katika mji wa mizinga walifika salama. Ajali haina hesabu ya mwanadamu.

Kuzingirwa kwa Sarajevo kulikwisha tarehe 29 Februari 1996, baada ya siku 1,425. Mwaka 2012 mji ulipofanya kumbukumbu ya miaka 20 tangu kuanza kwake, vilipangwa viti vyekundu 11,541 katika barabara kuu, kimoja kwa kila roho iliyopotea, na vingine vilikuwa vidogo kwa ajili ya watoto. Mirza hakuwapo kuviona. Alikuwa amefariki mjini humo humo tarehe 8 Desemba 2001, akiwa na miaka 47. Mwezi ulikuwa ni Ramadhani, katika kumi la mwisho, siku ambazo kila Mwislamu anajua thamani yake. Ibada ya mtu ni siri baina yake na Mola wake, nasi hatuna la kuongeza juu ya hilo ila kumwombea rehema.

Baada ya kifo chake, ukumbi wa michezo wa Skenderija mjini Sarajevo ulipewa jina lake, na mwaka 2007 Shirikisho la Dunia likaliingiza jina lake katika orodha yake ya mashujaa wa mchezo. Hizo ni tunzo njema. Lakini naona kwamba tunzo yake kubwa aliipata mapema zaidi, tena si kwa medali.

Tumezoea kuisema methali ile kama biashara: cheza kwenu upate kutunzwa. Maisha ya Mirza Delibašić yanaisoma kwa upande wa pili. Aliyetunzwa na watu wake akiwa na nguvu ana deni kwao siku ya shida. Watu wa Sarajevo walimtunza kwa vigelegele alipokuwa bingwa, wakampokea bila ya masharti alipokuwa mgonjwa. Siku mizinga ilipoanza kulia, alikuwa na njia ya kuondoka na deni hilo mfukoni, wala hapana ambaye angemdai. Alibaki akalilipa.